Mfupa wa dinosaria unapokataa jina: kutafuta chanzo ukiwa mezani

Mwaka 1900, huko Colorado, Marekani, kundi la Elmer Riggs lilichimbua mfupa wenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Kwa urefu huo waliona hauwezi kuwa kitu kingine ila mfupa wa paja ulioharibika. Baadaye ikabainika kuwa ni mfupa wa mkono wa juu, wa sentimita 204, na mnyama mwenyewe hakuwa amewahi kuelezwa na mtu. Mwaka 1903 Riggs alimpa jina Brachiosaurus.

Lebo ya shambani huandikwa mfupa ukiwa bado umefunikwa nusu, kwa hiyo ni dhana tu. Dhana hiyo hupimwa mezani, mahali mwamba unapoondolewa kidogo kidogo kwenye mfupa, na mezani ndipo ushahidi wa kuipima unapoweza kukwanguliwa ukaishia kwenye vumbi. Ukishaamini kwamba ulichonacho ni taya, kila sehemu isiyofanana na taya utaiona kuwa mwamba na kuiondoa. Ndiyo maana nashikilia mpangilio huu: kwanza hakikisha ni mfupa, kisha tafuta ni wa sehemu gani ya mwili, na jina la mnyama liwe la mwisho. Matatizo mengi yaliyo hapa chini huanza pale mtu anapoupindua mpangilio huo.

Kabla ya chombo chochote kugusa, piga picha pande zote ukiweka rula kando, nakili namba ya shambani, na chora mshale unaoonyesha upande uliokuwa juu ardhini. Weka kando kipande cha mwamba kisichoguswa na gundi, na kama kuna ufa ulio wazi, chukua na kipande kidogo cha mfupa kwa ajili ya kukatwa na kutazamwa kwa hadubini. Vaa kinga ya pua inayozuia vumbi la silika, kitambaa hakitoshi. Mifupa ya baadhi ya matabaka, kama yale ya Morrison magharibi mwa Marekani, hubeba urani, hivyo pima mionzi na uhakikishe chumba kinapitisha hewa.

Huna hakika kama ni mfupa au jiwe

Rangi haikusaidii. Mfupa wa kisukuku hupata rangi kutokana na madini ya maji yaliyopita ndani yake, hivyo unaweza kuwa mweusi, wa kahawia, mwekundu wa kutu au mweupe, na pengine mwamba unaouzunguka una rangi hiyohiyo. Tazama muundo. Tafuta mahali palipovunjika, pasafishe kwa brashi laini, dondoshea tone moja la spiriti, kisha angalia kwa lenzi inayokuza mara 10. Mfupa una ganda la nje lililoshikamana, na ndani yake vitundu vilivyopakana kama sega la nyuki, ingawa ukubwa wao hutofautiana. Mara nyingi vitundu hivyo vimejaa kalsiti au madini mengine, ndiyo maana mfupa wa kisukuku ni mzito kuliko unavyotarajia.

Kama ndani ni sawasawa tangu ukingoni hadi katikati, au kuna duara juu ya duara kuzunguka kiini kimoja, huenda ni donge la mwamba lililojikusanya lenyewe. Kama kuna nyuzi zinazokwenda urefu wote pamoja na pete za ukuaji, ni mti uliogeuka jiwe. Mti umewapotosha hata wasomi. Mwaka 1888 Gerard Smets, nchini Ubelgiji, alieleza vipande alivyodhani ni taya za dinosaria na kuviita Aachenosaurus, vilikuwa mti.

Wengine hulamba, kwa kuwa ulimi hunata kwenye mfupa wenye vitundu. Sikushauri. Ulimi hunata kwenye udongo mkavu pia, haunati kwenye mfupa uliojaa silika, na huwezi kujua ni gundi gani au madini gani unayoyatia mdomoni. Taa ya urujuanimno ni njia bora zaidi: mara nyingine mfupa hung'aa tofauti na mwamba na mpaka ukaonekana wazi. Kumbuka tu kwamba gundi ya zamani nayo hung'aa.

Uso wa mfupa unatoka pamoja na mwamba

Simama mara moja. Makovu ya misuli, matundu ya mishipa ya damu na mistari ya maungio, yaani vitu utakavyovitegemea kuutambua mfupa, viko kwenye tabaka la nje, na mara nyingi kina chake hakifiki hata milimita moja. Mfupa uliopoteza ngozi hiyo huweza kubaki bila jina daima.

Chanzo cha kwanza ni mwamba kuwa mgumu kuliko mfupa. Hili hutokea chuma au kalsiti ikishaganda kuzunguka mfupa. Ukitumia kalamu ya hewa, ile inayogonga kwa nguvu ya kompresa, mtetemo wake hupita kwenye mwamba na kupasua mfupa kabla mwamba haujaachia. Punguza mwamba kwa kalamu hadi ubaki utando mwembamba, kisha badili chombo: sindano ngumu chini ya hadubini, au mashine ya kupulizia unga laini wa sodiamu baikaboneti. Kama mwamba ni wa chokaa, asidi asetiki iliyopunguzwa isizidi asilimia 10 inaweza kuuyeyusha, lakini nayo hula mfupa polepole. Jaribu kwanza kwenye kipande kisicho na thamani, weka kalsiamu fosfeti ndani ya maji hayo ili kuukinga mfupa, na uoshe kwa muda mrefu baadaye.

Chanzo cha pili ni mfupa kuwa dhaifu kwa ndani. Unapoona unga ukidondoka kwenye nyufa, uimarishe kabla ya kuendelea. Paraloid B-72, plastiki ya akriliki inayotumika kama gundi, ikiyeyushwa katika asitoni, takriban asilimia 5, hupenya vizuri, na ile nzito zaidi hutumika kuunganisha vipande. Naipenda kwa sababu asitoni huiyeyusha tena siku yoyote. Gundi za sianoakrilati, yaani "super glue", hushika kwa sekunde chache, lakini kuziondoa ni kazi ngumu, kwa hiyo usiziweke kwenye uso wa kiungo wala kwenye mstari wa maungio ambao bado hujauelewa.

Chanzo cha tatu hakitokani na wewe: mfupa ulichakaa kabla ya kuzikwa. Anna Behrensmeyer, akifanyia kazi mizoga ya Amboseli nchini Kenya, alipanga mwaka 1978 hatua za kuchakaa kwa mifupa juani, kuanzia 0 mpaka 5, tangu mfupa mzima hadi ule unaobanduka na kumeguka. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Ufa wa kale umejaa mwamba uleule unaouzunguka mfupa. Ufa wako ni mtupu, na kuta zake zina rangi mpya. Ukikuta uso ulishabanduka kabla ya kuzikwa, usiutafute chini zaidi, maana haupo.

Una kipande kirefu kisicho na ncha

Hapa ndipo majina mengi ya kubahatisha huzaliwa. Mwili wa mfupa mrefu hausemi mengi. Ncha ndizo zinazosema. Kwa hiyo, kama koti la plasta, lile ganda linalofungiwa mfupa shambani ili usafirishwe salama, limefunguliwa katikati tu, usiendelee kung'arisha katikati kwa kuwa panapendeza. Fuata mfupa hadi ncha moja itokeze.

Mfupa wa paja wa dinosaria una kichwa kilichogeukia ndani, kwa kuwa miguu ilisimama wima chini ya mwili. Nyuma ya mfupa kuna mbenuko ambapo msuli mkubwa wa mkia ulishika. Kwa dinosaria wengi wenye miguu ya kindege, kama Iguanodon na jamaa zake, mbenuko huo ni mkubwa na wakati mwingine huning'inia. Ncha ya chini ina vinundu viwili vya mviringo vyenye mfereo kati yake. Mfupa wa muundi una ncha ya juu pana yenye ukingo uliotokeza mbele, na ncha ya chini iliyobapa kukutana na kifundo. Mfupa wa mkono wa juu una ukingo mpana upande mmoja karibu na bega, na ncha zake mbili mara nyingi zimepinda kana kwamba zimesokotwa kidogo. Riggs alitatizwa na urefu, kwani hakuna aliyetarajia mkono uwe mrefu kama paja. Urefu ni ushahidi dhaifu.

Usitishike ncha zikionekana zimechakaa, zikiwa na mashimo na mikunjo. Dinosaria walikuwa na gegedu nene kwenye viungo, na gegedu huoza. Ncha yenye mikunjo ya namna hii ni uso halisi wa mfupa. Wapo wanaodhani ni mwamba uliogandamana na kuusawazisha kwa kalamu, na hasara hiyo hairudishiki.

Ukiwa na sehemu ya katikati peke yake, angalia mkato. Uwazi mkubwa wa uboho wenye ukuta mwembamba huelekeza kwa dinosaria walao nyama au kwa wanyama warukao. Mfupa uliojaa kwa ndani huelekeza kwa wazito waendao kwa miguu minne. Andika ulichokiona, na uishie hapo.

Ncha peke yake nayo hupotosha inapokosa kitu cha kulinganishwa nacho. Mwaka 1677 Robert Plot wa Uingereza alichora ncha ya chini ya mfupa wa paja na kuuhusisha na mtu jitu. Leo hudhaniwa ulikuwa wa Megalosaurus, dinosaria mla nyama. Alitambua sehemu ya mwili kwa usahihi. Alichokosea ni mwenye mfupa.

Pingili iliyopoteza nusu yake

Pingili ni zawadi, maana uti wa mgongo una nyingi na kila eneo lina alama zake. Tatizo la kawaida ni kupata mwili wa pingili bila tao la juu. Kabla ya kusema limevunjika, tazama pale lilipokaa. Uso uliokwaruzika kwa kuvunjika ni tofauti na uso wenye matuta na mabonde madogo yaliyopangika. Ukiona yaliyopangika, tao lilikuwa bado halijaungana na mwili: mnyama alikuwa hajamaliza kukua. Hapo tao linaweza kuwa ndani ya mwamba huohuo, sentimita chache pembeni, kwa hiyo chunguza mwamba kabla ya kuutupa.

Kisha tazama nyuso mbili za mwisho. Pingili za shingo za wenye shingo ndefu huwa na tufe mbele na kikombe nyuma. Za mkia za titanosauri wengi, kundi mojawapo la wenye shingo ndefu, ni kinyume chake. Mashimo makubwa pembeni, yanayoingia ndani ya mfupa, ni njia za vifuko vya hewa, na hukutwa kwa wenye shingo ndefu na kwa walao nyama. Mashimo hayo hujaa mwamba na huonekana kama kasoro, hasa yanapokuwa na kuta nyembamba kama karatasi. Usiyachimbue yote kwa pupa: acha mwamba ushikilie kuta hadi uziimarishe. Pingili ya mkia mara nyingi ina nyuso ndogo upande wa chini, kwenye kingo, zilikokaa mifupa yenye umbo la V au Y.

Vijiti vyembamba visivyoeleweka

Hivi huitwa mbavu haraka mno. Ubavu wa kifuani una vichwa viwili vya kuungana na pingili. Mifupa ya tumboni ya walao nyama ni myembamba na haina vichwa hivyo. Vijiti vingi vinavyolala sambamba au kupishana kando ya uti wa mgongo ni kano zilizogeuka mfupa, kitu cha kawaida kwa Hadrosauri, dinosaria wenye mdomo kama wa bata, na Iguanodon. Ukizikuta zikiwa zimepangika, usizitenganishe. Mpangilio wenyewe ni ushahidi, na picha moja kabla ya kuendelea ina thamani kuliko rundo la vijiti safi.

Kitu kilichochongoka: kucha, pembe au mwiba?

Hakuna sehemu iliyozaa majina ya ajabu kuliko hii. Gideon Mantell aliuweka mwiba wa Iguanodon puani. Mifupa mizima iliyopatikana Bernissart, Ubelgiji, mwaka 1878 ikaonyesha ni wa kidole gumba. Othniel Charles Marsh, mwaka 1887, alipata pembe mbili kutoka karibu na Denver akaziita za nyati mkubwa, Bison alticornis. Ni za jamii ya Triceratops, dinosaria mwenye pembe, jina alilolitoa mwenyewe miaka miwili baadaye. Mwaka 1954 Evgeny Maleev alieleza kucha ndefu kutoka Mongolia akidhani ni za mnyama mfano wa kobe. Alikuwa ni Therizinosaurus, dinosaria.

Kwa hiyo anzia kwenye kitako, ncha iache. Mfupa wa kucha una uso wa kiungo uliobonyea, mara nyingi na ukingo katikati, na mifereo pembeni ilikopita mishipa ya ala ngumu ya kucha. Kiini cha pembe hakina kiungo: kitako chake kinaendelea na mfupa wa fuvu, na uso wake umejaa mifereo ya mishipa ya damu. Mwiba wa ngozini una kitako kipana chenye mikwaruzo isiyo na mpangilio, kwa kuwa ulikaa ndani ya nyama bila kugusana na mfupa mwingine. Kama kitako hakipo, andika "mfupa uliochongoka" na usiongeze neno.

Umbo halifanani na chochote

Mara nyingi chanzo ni mgandamizo. Matabaka hubonyeza mifupa kwa mamilioni ya miaka na kuifanya bapa au kuipindisha. Tazama ulinganifu: pingili hai ina kushoto na kulia vinavyofanana. Kama upande mmoja umelala na nyufa zake zote zinaelekea njia moja, umbo hilo limetokana na ardhi.

Chanzo kingine ni mifupa miwili iliyolaliana. Tafuta mstari mwembamba wa mwamba kati ya vipande, na angalia kama nyuzi za mfupa zinabadili mwelekeo ghafla. Fuvu nalo huvunjika kwenye maungio, na kila kipande kikawa bamba lenye kingo za menomeno ambazo mtu anaweza kuziona kuwa mvunjiko.

Ugonjwa upo, ila uje mwisho. Mvunjiko uliopona huacha uvimbe wa mfupa unaozunguka mahali husika, na uso wa uvimbe huo hauna mkato.

Labda si dinosaria

Dinosaria waliishi kuanzia Triasiki hadi mwisho wa Kretasia, miaka milioni 66 iliyopita, tukiwaacha ndege kando. Kama mwamba una umri mdogo kuliko huo, fikiria mamalia. Kama ni mwamba wa bahari, anza na wanyama wa bahari: pingili fupi kama sahani, iliyobonyea sana pande zote mbili, ni ya ikthiosauri, na ile yenye matundu mawili madogo upande wa chini huelekeza kwa plesiosauri. Bamba lenye vishimo juu na laini chini ni la mamba. Bamba lenye mifereo ya mistari ambako magamba yalikutana, pamoja na kingo za maungio, ni la kobe. Jino la koni, la mviringo kwenye mkato, pia mara nyingi ni la mamba. Lililobanwa pembeni na lenye misumeno midogo kwenye makali huelekeza kwa dinosaria mla nyama.

Nyonga ikipatikana, itazame kwanza: tundu la kiungo cha paja kwa dinosaria wengi limetoboka kabisa, si kikombe chenye sakafu. Ankilosauri, dinosaria wenye magamba ya mfupa mwilini, ni wa kipekee, wao wameliziba.

Mikwaruzo: meno au sindano yako?

Mkwaruzo wa chombo ni mweupe au una rangi mbichi, na hauna mwamba ndani. Alama ya jino ina rangi ileile ya mfupa na hujaa mwamba. Mifereo inayojipinda na kugawanyika bila mpangilio ni kazi ya mizizi ya mimea. Ukiacha alama, iandike kwenye daftari siku hiyohiyo, ili atakayekuja asije akaiita jino.

Lebo imepotea au koti halifunguki salama

Baada ya bomu la Vita Kuu ya Pili kuangusha sehemu ya makumbusho ya asili ya Berlin, makoti ya plasta ya machimbo mawili yalichanganyika: ya Tendaguru, Tanzania, yaliyochimbwa kuanzia 1909 hadi 1913, na ya Halberstadt, Ujerumani. Watafiti wa huko walipitisha koti moja kwenye skani ya CT, inayotumia eksirei kuonyesha kilicho ndani, wakachapisha kwa printa ya 3D nakala ya mfupa uliokuwamo bila kulifungua, wakailinganisha na michoro ya zamani na kutambua kuwa ni pingili ya Halberstadt. Kama hospitali au chuo kilicho karibu kinakubali, skani kabla ya kufungua huonyesha ncha ziko wapi na ni wapi pa kuanzia. Mwamba wenye chuma kingi huharibu picha. Bila skani, kipande cha mwamba ulichoweka kando kinaweza kulinganishwa na matabaka ya kila machimbo.

Cha kuandika ukikwama

Andika ngazi uliyoithibitisha peke yake: "mfupa", au "mfupa mrefu, ncha ya chini", au "pingili ya mkia, tao halijaungana". Chini yake andika alama ulizoziona, sehemu zilizoimarishwa kwa gundi na aina ya gundi, na pale ulipoacha mwamba kwa makusudi. Jina la shambani lisifutwe. Liandikwe pembeni pamoja na sababu ya kulikataa. Karatasi moja ikae ndani ya boksi pamoja na mfupa, nakala iingie kwenye daftari la makusanyo, na zote ziwe na namba ileile ya shambani.